Upande wa Pili wa Mti

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa kidogo tu: birika lilipiga filimbi na Fundi hakugeuka.

Lilikuwa birika la bati, lenye mdomo wa filimbi, limekaa juu ya jiko dogo la umeme mwisho wa meza ile ile aliyokuwa akichongea penseli. Lililia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Karani, aliyekuwa chumba cha pili, akauliza tunachemsha maji au tunaita mashetani. Mimi nilikuwa mlangoni na ndoo ya chokaa mkononi, wiki yangu ya pili kazini, sijui bado kama nina ruhusa ya kugusa birika la ofisi. Fundi akaendelea kuchonga. Maganda ya penseli yakawa yanaanguka mezani, yamejikunja kama maua makavu. Halafu akalaza kiganja cha kushoto juu ya meza ili ayakusanye, na hapo hapo akainuka, akazima jiko.

Nikajiambia, huyu mtu amelisikia birika kwa mkono.

Sikumwambia yeyote. Mimi si mtu wa kuambia watu mambo. Karani alinipa jina la Kimya siku ya kwanza tu, na mpaka leo wengi mjini hawajui kama nina jina lingine.

Ofisi yetu ni vyumba viwili nyuma ya jengo la baraza la mji, vinatazama ua wenye bomba na stoo ya ngazi. Kazi yake ni miti, basi. Kila mti uliosimama kando ya barabara, shuleni, zahanati au sokoni ni wa wote, uwe umepandwa au umejiotea, na kila mmoja una namba. Namba imegongwa kwenye kibati chenye ukubwa wa kiberiti, kimepigiliwa kwa msumari mmoja usawa wa macho. Msumari hauzamishwi wote. Unaachiwa upana wa kidole, ili mti ukinenepa usimeze namba yake. Asubuhi jua likiwa chini, vibati hivyo humeremeta mtaa mzima, kama miti imefungua macho na inakutazama ukienda kazini.

Iko miti mia nne na sita. Mtu hawezi kukata hata tawi linalogusa bati lake bila kuja kwetu kwanza. Na kila mwaka, kabla ya mvua, Fundi huutembelea kila mti na nyundo yake ya mbao. Huupiga mara tatu: usawa wa goti, usawa wa kiuno, usawa wa kichwa. Mti ulio mzima hujibu kifupi, kwa uzito, kama mlango mnene uliofungwa vizuri. Uliooza ndani hujibu kama debe. Fundi husema "mzima" au "mtupu", mimi naandika kwenye kijitabu, Karani ananakili kwenye daftari kubwa.

Mti mtupu hupigwa pete ya rangi nyekundu kiunoni, na hutundikiwa karatasi. Siku ishirini na moja. Ndani ya siku hizo, mwenye neno aje ofisini Ijumaa, asimame mbele ya kamati ya watu watatu, aliseme kwa mdomo wake. Barua hazipokelewi. Zamani zilipokelewa, zikawa nyingi na hazina wenyewe. Wote wakinyamaza, siku ya ishirini na mbili msumeno unakuja.

Mji wetu unailinda miti yake kwa mdomo. Na mimi mdomo ndio sina.

Kazi yangu ilikuwa kubeba ndoo, kushika ngazi, na kupima unene wa shina kwa utepe. Ukitaka kupitisha utepe kwenye shina nene, huna budi kulikumbatia. Unasimama upande wa pili, mikono imezunguka, shavu liko kwenye gome. Fundi hakuwa na subira. Alipiga nyundo kabla sijaachia. Hivyo ndivyo nilivyoanza kusikia. Hakuna aliyenituma, wala hakuna aliyejua. Shavu langu lilikuwepo tu.

Sijui nielezeje kilichomo mle. Ukiweka sikio, mji wote unaondoka kwanza. Baiskeli, redio za kinyozi, watu wanaogombana kwa utani dukani, vyote vinarudi nyuma kama vimefunikwa blanketi. Halafu kinakuja kimya kingine, kimya kilichojaa, kama chumba ambamo watu wamelala wengi. Nyundo ikigonga, sauti inapita katikati ya wale waliolala bila kumwamsha mtu, inafika shavuni kwako. Kwenye mti mzima inafika yote. Kwenye mti mtupu inapotea njiani, inazungukazunguka, inakuja imechoka. Nilikuwa nikirudi nyumbani jioni na alama za magome shavuni. Mama, anayepiga pasi nguo za watu barazani kwetu, alikuwa akinitazama na kuniuliza leo nimelala na nani. Namwambia na msonobari. Anacheka mpaka anaweka pasi chini.

Mwaka wangu wa kwanza miti miwili tu ilipigwa pete. Mmoja ulikuwa nyuma ya machinjio. Wa pili ulikuwa mvinje, namba themanini na nane, mtaa wa mwoka mikate. Mvinje ule ulikuwa na sauti. Upepo ukipita, mtaa mzima ulikuwa kama unavuta pumzi ndefu. Nilikuwa mgeni kazini. Niliandika nilichoambiwa. Ulipokatwa, nilitumwa siku ile ile nikapake kisiki chokaa mchwa wasiingie, nikakipaka tabaka tatu. Tangu hapo nimekuwa nikikirudia kila mwaka, ingawa sheria inasema mara moja inatosha. Mwoka mikate huweka trei zake pale zipoe. Karani aliwahi kuniuliza kile kisiki ni shemeji yangu au vipi.

Mwaka wa pili pete zikawa tisa.

Watu waliona. Mji ukitembea huku umezoea kivuli, huwezi kuuficha jua. Wakaanza kumwita Fundi Shoka, kwanza nyuma yake, baadaye hata mbele yake, kwa kuwa waligundua hajibu. Walidhani ana kiburi. Karani naye alikuwa akinakili huku akitikisa kichwa, akisema mwaka huu Fundi kaamkia upande wa msumeno. Fundi alitabasamu tu, lile tabasamu la mtu aliyeona midomo inacheka lakini hakupata mzaha wenyewe. Mimi nilikuwa nimeshajua. Alipopiga nyundo hakuutazama mti, aliitazama mikono yangu, uso wangu, labda aone nimeshtuka. Miti aliyoikumbuka mwaka hadi mwaka aliipita salama. Ile aliyokuwa na wasiwasi nayo, aliisimamia kidogo, akameza mate, akasema mtupu.

Ningesema nini? Mtu huyu ndiye aliyenipa kazi nilipokuja sina cheti hata cha darasa la saba. Wengine wote waliniuliza karatasi. Yeye aliniuliza kama naogopa ngazi.

Halafu tukafika shuleni.

Pale kuna mkuyu, namba mia mbili kumi na tatu, umeegemea ukuta wa shule kwa nje, na tawi lake moja limevuka na kufunika nusu ya uwanja. Niliacha shule nikiwa darasa la tano. Mama aliugua mwaka ule na mdogo wangu wa mwisho alikuwa bado hajatembea, mtu wa kumbeba ni mimi. Basi wenzangu walipoingia darasa la sita, mimi nilikuwa nje, nimekaa kwenye mzizi wa mkuyu, mtoto mgongoni, chini ya dirisha lao. Nilisoma darasa la sita lote kwa masikio. Mwalimu alisema, "Kama mnavyoona hapa ubaoni," na mimi sikuona kitu. Mpaka leo najua kugawanya sehemu kwa sauti tu. Ukiniandikia naweza kupotea. Mdogo wangu alipolala, niliegemeza kichwa kwenye shina, na somo likawa linanijia kwa pande mbili, sikio moja kutoka dirishani, sikio moja kutoka ndani ya mti, kama vile mti nao unarudia maneno ya mwalimu polepole ili yasiutoke.

Siku ile nikaukumbatia na utepe. Fundi akapiga. Goti, kiuno, kichwa. Sauti zote tatu zilifika shavuni zimetimia.

Fundi akasimama. Akameza mate.

"Mtupu," akasema.

Penseli haikutembea. Aliniona.

"Andika, binti."

Nikaandika. Rangi nyekundu niliipaka mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, kuzunguka kiuno cha mti, na ilipokutana na mwanzo wake nilihisi kama nimefunga mlango wa darasa kwa mara ya pili.

Karatasi ilitundikwa siku hiyo hiyo. Mwalimu mkuu alitoka, akaisoma, akasikitika sana, akasema alikuwa anaupenda mti ule, lakini kama Fundi kasema, watoto wanacheza chini yake, yeye hana la kuongeza. Hapo ndipo hofu yangu ilipogeuka ikawa hofu nyingine. Watoto wanacheza chini yake. Je, kama masikio yangu yalisikia yalichotaka? Mtu akikipenda kitu, sikio lake huwa shahidi mbaya. Labda mti ule ni mtupu kweli, na mimi nimesikia darasa la sita. Nikisema neno na mti ukabaki, halafu siku ya upepo ukaangukia mtoto wa mtu, nitalipeleka wapi neno langu?

Na nikisema Fundi hasikii, atafanya kazi gani kesho yake?

Ijumaa ya kwanza nilipiga moyo konde. Nikanawa miguu, nikavaa kanga nzuri, nikaenda mpaka mlango wa chumba cha kamati. Mwenyekiti alikuwa anakula karanga, na muuguzi wa zahanati, ambaye naye ni mjumbe, alikuwa ameinamia kufunga kiatu. Karani akaniona.

"Una neno, Kimya?"

"Nimekuja kuchukua ndoo," nikasema.

Ndoo haikuwemo mle. Karani akanitazama sana, akasema ndoo nimeishika mkononi. Kweli nilikuwa nimeishika.

Ijumaa ya pili sikufika hata uani. Nilikaa na Mama barazani, namkunjia mashuka. Aliniuliza nina nini, nikasema sina kitu. Akaniuliza kama kinywa nilipewa cha kulia chakula tu. Hakusema kwa ubaya. Alinyunyiza maji kwenye shati la mtu, akalipiga pasi, mvuke ukapanda usoni mwake, na kwa muda kidogo sikumwona.

Siku ya kumi na nane ilikuwa joto sana. Mchana, wakati wa mapumziko, nilijilaza stoo juu ya magunia, mlango wazi, mwanga wa ua unaingia kwa mstari. Nikaota. Niliota miti imekuja ofisini. Yote mia nne na sita, imepanga foleni kutoka dirisha la Karani mpaka nje ya geti, kila mmoja umeshika kibati chake kwa matawi kama mgonjwa aliyeshika namba ya zahanati. Haikuwa na haraka. Ilikuwa inanong'ona, inapishana kwa adabu, midogo inasimama kwenye kivuli cha mikubwa. Majani yalikuwa yamejaa sakafuni hata miguu haionekani. Karani alikuwa akiita namba, na kila mti ulipofika dirishani ulisema neno lake, na ingawa sikulielewa nilijua ni la kweli. Mvinje nao ulikuwepo, mwisho wa foleni, mweupe wote kwa chokaa. Karani akaita mia mbili kumi na tatu. Mkuyu ukainama, ukafungua mdomo, na ikatoka filimbi ya birika. Filimbi ikalia, ikalia. Fundi alikuwa kaketi hapo hapo anachonga penseli, hageuki. Mkuyu ukanitazama mimi. Kisha ukanyoosha tawi moja polepole, ukauchukua mkono wa Fundi, ukaulaza mezani.

Nikaamka jasho linanitoka. Birika lilikuwa linalia kweli chumba cha pili. Nikakaa nikasikiliza mpaka lilipozimwa. Nikahesabu pumzi: lilichelewa kiasi cha mtu kulaza kiganja.

Kesho yake, siku ya kumi na tisa, nilifika mapema kuliko Fundi. Nilichukua nyundo yake ukutani. Sikuwahi kuigusa kabla. Mpini wake ulikuwa umelika mahali pa vidole, na vidole vyangu havikujaza zile nafasi. Alipoingia akaniona nayo, akasimama.

Nilisimama mbele ya dirisha, mahali penye mwanga, ili aone mdomo wangu.

"Fundi, leo tubadilishane."

"Tubadilishane nini?"

"Upande. Mimi nipige, wewe ukumbatie."

Nje bomba lilikuwa linadondosha maji kwenye bati. Alivuta kiti akakaa, akavua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Na wewe tangu lini?"

"Tangu birika."

Akalitazama birika. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka. Alisema birika lile alilinunua mwenyewe kwa sababu muuzaji alimwapia kwamba filimbi yake inaamsha mpaka jirani. Alikuwa anajipima. Kila asubuhi alikuwa analiweka jikoni na kusubiri, na kila mwaka lilizidi kunyamaza. Halafu kicheko kikaisha.

"Ninapokosa kusikia, nasema mtupu," akasema. "Mti uliokatwa haumwangukii mtoto. Nikikosea, bora nikosee hivyo."

Niliufungua mlango tu, nikasimama nao.

Sikumpeleka shuleni kwanza. Nilitaka mizani iwe ya haki, kwake na kwangu. Tulikwenda kwanza kwenye mti namba arobaini, karibu na mtaro wa soko, mti wenye pete ambao hata mimi nilijua umekwisha. Nikamwonyesha namna ya kusimama, mikono yote, viganja wazi, shavu na mfupa wa taya vimegusa gome. Wanawake waliokuwa wanapanga nyanya wakamwona Shoka amekumbatia mti, mmoja akauliza wanaagana au wanaposana. Nikapiga. Goti, kiuno, kichwa.

Alifumbua macho. Akasema sauti inatikisika kama debe lililotupwa barabarani, inafika vipande vipande.

Ndipo tukaenda kwenye mkuyu.

Ilikuwa saa ya hesabu. Darasa la sita walikuwa wanaimba jedwali, lile dirisha liko wazi kama zamani, na jua lilikuwa linashuka kupitia majani, linachezacheza ukutani kama maji. Fundi akapita upande wangu wa mti. Akaukumbatia. Mikono yake haikufika hata nusu. Mimi nikasimama upande wake, na ulikuwa upande mgeni kabisa. Nilikuwa sijawahi kuuona mkuyu ule bila kuugusa.

Nikapiga usawa wa goti.

"Tena," akasema.

Nikapiga tena. Nikapiga kiunoni, juu ya pete yangu nyekundu. Nikapiga kichwani. Kila nikipiga, sauti ya watoto ilikuwa kama inatulia kidogo, ingawa haikutulia. Sikumwona uso. Niliona vidole vyake vya mkono wa kulia tu, kwenye ukingo wa shina, vikikaza na kulegea kama vya mtu anayeshikwa mkono gizani na kutambua ni wa nani.

"Zunguka, upige huku," akasema, naye akasogea. Tuliuzunguka hivyo mti wote, yeye mbele mimi nyuma, polepole, kama watoto wanaotafutana. Tulipofika tulipoanzia alibaki ameuegemea, macho amefumba, muda mrefu mpaka nikaogopa amepatwa na kitu.

"Huu mti umesimama," akasema mwishowe. "Lo. Umesimama wote."

Halafu akaniambia nilete chokaa.

Yeye hakujua kwamba anaongea kwa nguvu. Mtu asiyejisikia hawezi kupima. Mwalimu mkuu alipotoka kuuliza kuna nini, Fundi alimjibu hivi, na darasa lote la sita likasikia, na mitaa miwili ya jirani pia:

"Nilikosea, Mwalimu. Masikio yangu yameharibika, na niliona aibu kusema."

Jedwali likakatika. Vichwa vikajaa dirishani. Mimi nilikuwa nimeinama napaka chokaa juu ya nyekundu, na ilibidi nirudie mara nyingi kwa sababu machozi yalikuwa yananidondoka kwenye brashi.

Ijumaa alikwenda mwenyewe kwenye kamati. Hakunipa nafasi ya kuogopa kwa niaba yake. Karani alinisimulia baadaye kwamba alisimama, akavua kofia, akasema ana neno, na neno lenyewe ni juu yake. Mwenyekiti aliacha karanga. Walibishana kidogo, mmoja alitaka atafutwe fundi mwingine. Muuguzi ndiye aliyeuliza kama mtu mwenye mikono inayosikia na msichana mwenye shavu linalosikia si wawili ambao mji ungewatafuta bila kuwapata. Ikaandikwa sheria mpya, na ndiyo hiyo mpaka leo: mti unapigwa na watu wawili, pande mbili, na hauvikwi pete mpaka wote wawili wakubaliane. Ile minane iliyobaki tuliirudia wiki ile. Minne ilikuwa mitupu kweli, ikaondoka kwa haki. Minne tuliipaka chokaa, na mkuyu ukawa wa tano.

Watu waliacha kumwita Shoka. Wakaanza kumwita Shavu, na hilo alilipenda, nilipomwandikia kwenye kijitabu alisome.

Tulipomaliza mti wa mwisho, tukiwa tunarudi ofisini na nyundo na ndoo, alisimama katikati ya njia. Ilikuwa mtaa wa mwoka mikate. Harufu ya mikate ilikuwa nzito, na pale palipokuwa na mvinje palikuwa na mwanga mwingi kuliko kwingine, kama dirisha lililosahauliwa wazi. Hakukitazama kisiki. Alinitazama mdomo.

"Na ile miwili ya mwaka jana?"

Trei zilikuwa juu ya kisiki. Nilimtazama. Uso wake ulikuwa mwepesi siku zile, kama nyumba iliyofunguliwa madirisha yote. Nikasema bila sauti, kwa midomo tu, taratibu ili aone vizuri: mitupu.

Akashusha pumzi. Akanishika bega, tukaendelea.

Sasa Fundi anaishi kwa binti yake, mbali, na naambiwa ana bustani. Nyundo ni yangu, na mpini umeanza kunizoea. Karani ndiye anayekumbatia upande wa pili, huku akilalamika kwamba magome yanamharibia blauzi. Mkuyu upo. Mdogo wangu, yule niliyembeba mgongoni, alimaliza darasa la sita chini ya tawi lake, akiwa ndani, upande wa ubao.

Na kabla ya kila mvua napita mtaa wa mwoka mikate na ndoo yangu. Ananitolea trei zake bila kuuliza. Napaka chokaa.

Fundi, ule wa machinjio ulikuwa mtupu. Mvinje namba themanini na nane ulikuwa mzima. Nilisikia siku uliyoupiga, nikadhani sijui kusikia. Na nilipofika kukipaka kisiki, mbao yake ilikuwa bado ina maji, duara ndani ya duara, hakuna hata tundu la sindano, mpaka katikati, penye kiini kidogo kama punje ya mtama. Niliweka kidole pale. Kisha nikachovya brashi.